Mwalimu Mukuna na Joto la Chini ya Ukoko

Wasikilizaji wapendwa wa Kolwezi na Lualaba nzima, jambo. Leo tunamkumbuka Omer Mukuna, mwalimu wa fizikia. Mwalimu Mukuna amefariki. Narudia kwa sababu bado halijaniingia: Mwalimu Mukuna amefariki. Alinifundisha mimi. Sijalia bado. Naongea hapa kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Alizaliwa Kasaji, akafundisha Manika, akaishi Kapata na mkewe, mama Huguette. Kila mwaka alileta darasani mbabula, lile jiko letu la makaa, na sufuria ya kupikia bukari, yaani ugali. Maji yakichemka, alichota kikombe kimoja, akatia kipimajoto sufuriani, kisha kikombeni. Kipimo kilionyesha sawasawa.

"Température ni moya," alituambia. "Sasa nani atanipikia bukari mu kikombe?"

Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

"Température inakuonyesha kitu kiko moto namna gani. Joto ni ile nguvu yenye inatoka mu kitu cha moto, inaingia mu kile cha baridi. Kitu kikubwa kinaweza kukupatia joto mingi, ata kama juu yake kimepoa."

Dodo, niliyeketi naye benchi moja, alijibu swali la kikombe vizuri kuliko sisi wote: maji kidogo, joto kidogo.

Sasa, wasikilizaji, mnapajua pale kiwanda kinapomwaga uchafu wa shaba, ungali majimaji ya moto. Ukipoa juu hufanya ukoko, na watu huenda kuokota vipande vya shaba. Hutema mate kwanza juu ya ukoko. Mate yasipochemka, wanapanda. Lakini mate yanapima ukoko wa juu tu. Wiki jana, mvua ilipokatika, Dodo alitema mate, akapanda. Ukoko ukapasuka, mguu wake mmoja ukazama. Mwalimu alikuwa anapita na pikipiki yake. Aliingia, akamsukuma Dodo nje, akazama yeye hadi magotini kabla ya watu kumvuta. Dodo aliungua mguu mmoja. Mwalimu alifia hospitalini juzi.

Mama Huguette aliniambia, macho makavu: "Bwana yangu alijua ile moto kuliko bantu bote. Aliingia tu. Mi namukasirikia. Tena namupenda."

Dodo hajafika kwenye kilio. Dada yake, Brigitte, anasema: "Anakataa kula. Anageukia ukuta, anasema tu, nilijua jibu, nilijua jibu."

Kwa mama Huguette na watoto, sisi wa redio tunawapa pole. Mungu awashike. Na ninyi mnaokwenda kuokota, tafadhali, mjiulize chini kumebaki nini kabla ya kuweka mguu.

Maziko ni kesho, Kapata. Dodo, kama unatusikia, mama Huguette amenituma kwako. Maneno ni yake: "Mumuambie akuye ku maziko. Nimemuwekea nafasi pembeni yangu, pa mukeka. Asipokuya, Omer alimutoa mule bure."