Chumvi Iliyopanda Kwenye Maji Moto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Maji, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa kituo hiki, nanyi wateja wetu wa alfajiri mliokuja na mataulo ingawa kadi ya mwaliko haikutaja taulo: hamjambo!

Leo tunafungua ukumbi mpya wa kuogea maji moto, na tunamuaga mkemia wetu anayestaafu. Nitamsema kwa raha zangu, maana ni shemeji yangu, mke wa kaka, na hata nikimtania haninunii.

Mnakumbuka maji ya chemchemi yalipoanza kuwa na chumvi? Sisi tulifanya nini? Tulimkalia kooni fundi bomba! Maskini akabadilisha mabomba, akasugua matangi, akaapa mpaka sauti ikamkauka, na chumvi ikazidi kupanda. Ndipo mkemia akaingia ofisini kwangu na chupa zake, zile anazozisuuza kwa maji ya chemchemi yenyewe kabla ya kuzijaza, akaniambia, "Shemeji, mwacheni fundi wa watu. Ardhi inajikunja."

"Inajikunja kama shuka?" nikamcheka.

"Cheka tu. Miamba huko chini inabanwa na kuvutwa. Nyufa zinafunguka, maji ya kina kirefu yanapanda na chumvi yake na gesi zake, yanachanganyika na haya yetu. Fundi atabadilisha mabomba mpaka azeeke."

Wapima ardhi wakaja na mitambo yao. Kumbe kilima kilikuwa kinainuka, na kila kilipoinuka, chumvi nayo ilipanda! Wakakuta pia ufa mpya uliopita chini ya ukumbi wetu wa zamani, ule wenye dari nzito ya zege. Mkemia hakutabiri tetemeko, wala hajawahi kudai hivyo. Alisema tu kwamba watu wasioge juu ya mwamba unaosogea. Akapiga kufuli.

Jamani, matusi aliyoyapata! Na aliyetukana kuliko wote alikuwa mama yetu, mama mkwe wake, ambaye magoti yake hayakumtii bila maji yale. "Kanichukulia mwanangu, sasa kanichukulia na bafu langu!" Akamnyima hata salamu. Ni nani kati yetu asingelegea, akatoa ufunguo ili apate amani nyumbani? Mkemia alilia, nilimwona. Lakini ufunguo hakuutoa.

Asubuhi ile ardhi ilipotikisika, saa ile ile aliyozoea mama kuoga, dari yote iliangukia bwawani. Bwawa lilikuwa tupu. Hakuna aliyekwaruzwa. Narudia kwa sauti, ili na wale waliotukana wasikie vizuri: hakuna hata mmoja! Tumeshinda, ndugu zangu, tumeshinda!

Ukumbi huu mpya umejengwa mbali na ufa, kwenye mwamba uliopimwa ukapimika, na maji yake yataendelea kupimwa na wakemia aliowafundisha mwenyewe.

Mheshimiwa, ratiba inasema wewe ndiye utakayefungua mlango. Uniwie radhi, kuna mtu atakutangulia. Yule pale mstari wa mbele, mwenye taulo begani, ni mama yangu, na tangu asubuhi ile hamwiti mkemia ila "mwanangu". Mama, simama. Shemeji, toa ufunguo. Ulimfungia huku anakutukana, leo mfungulie.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Maji yako tayari.