Mama Meno na Kigari Chepesi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa kitengo cha vigari vya umeme anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi inamjua kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Sisi tunamjua kama Mama Meno, na mgeni akifika mapokezi kumuulizia kwa jina halisi, watu hutazamana kwanza.

Tangu tangazo libandikwe ukutani, hakuna anayetulia humu ndani. Mtunza stoo anapanga upya boliti ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri tu. Mpiga rangi ameupaka mlango mmoja mara mbili. Mimi niliyetwishwa kazi ya kuandika wasifu huu, kila nikiandika sentensi mbili nainuka kwenda kuchungulia kama bado yupo. Naye ananifukuza: nenda kaandike wewe, usinizeeshe kabla ya siku yangu!

Alianzia kwenye chumba cha kusuka mota, chumba cha dirisha moja kilichonuka vanishi, akitoa waya zilizoungua na kuzungushia mpya kwa mkono. Mota za pampu, za feni, za mashine za kusaga, zote zilipita mikononi mwake. Karakana ilipoanza kutengeneza vigari vidogo vya umeme, vya mizigo na vya watu wasioweza kutembea, yeye ndiye aliyekuwa akifuatwa kuulizwa ifungwe mota gani. Hakujibu kamwe bila kuuliza kwanza: meno mangapi? Alikuwa na maana ya meno ya gia. Swali likageuka jina, na jina likatoka nje ya geti. Siku moja mzee mmoja alitufikia shavu limevimba, ameelekezwa na watu wa mtaani kwamba humu kuna mama wa meno, hodari, hachelewi. Mama Meno alimkalisha, akampa maji ya chumvi asukutue, akamtafutia usafiri wa hospitali. Halafu akatununia sisi tuliokuwa tumejificha nyuma ya mashine ya kukata vyuma, tukicheka hadi mbavu zinauma.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo. Mota ndogo ya umeme huzunguka mbio sana, lakini nguvu yake ya kusukuma ni haba. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, kwenye tambarare itakimbia. Kwenye mlima itanguruma, itachemka, itatoa moshi, na habari yake imekwisha. Kwa hiyo tunaweka gia ndogo ya meno machache upande wa mota, gia kubwa ya meno mengi upande wa gurudumu, na cheni katikati. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Huwezi kupewa vyote. Mtaka yote hukosa yote, na sisi tumewaona waliovitaka vyote wakirudi na mota nyeusi kama mkaa.

Mama Meno hakumchagulia mtu mota kabla ya kwenda kuiona njia yake. Aliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza nyama wa kona, akaifunga kwenye kamba, kigari kikapakiwa uzito wa mteja, kisha akakivuta polepole mlimani, macho kwenye mshale. Kilo zilizosomeka ndizo nguvu ambayo mota ingetakiwa kuitoa. Alizipigia hesabu na ukubwa wa gurudumu, akatangaza meno, na mjadala ukafungwa. Muuza nyama alilalamika miaka yote hiyo, wateja wake wanasubiri nyama na mizani iko mlimani, lakini hakuwahi kumnyima.

Sasa nifike kwenye jambo lililotukosesha raha mwezi huu. Mama Meno alikuwa ameshaanza likizo yake ya mwisho. Akaja dada mmoja, fundi cherehani, ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Chumba chake cha kushonea kiko juu kabisa ya mlima, na kwa miaka mingi mdogo wake wa kiume amekuwa akimsukuma kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kumpandisha asubuhi na kumteremsha jioni. Mdogo mtu amepata kazi mji mwingine na mwisho wa mwezi anaondoka. Bila kigari, dada angekifunga kile chumba na kurudi kukaa nyumbani, akingoja mwenye huruma apite. Alituambia neno moja tu: nataka kigari chepesi.

Kazi ilishikwa na Bwana Kasi, ambaye ndiye anayerithi nafasi ya Mama Meno. (Usikunje uso, ndugu yangu, ruhusa umenipa mwenyewe.) Kwake yeye, mtu mwepesi ni mwenye mbio, na kigari chepesi ni hivyo hivyo. Sote tuliafiki. Akafunga gia ya meno tisa kwa meno hamsini na nne, hatua moja basi, yaani jozi moja tu ya gia, na pale uwanjani kigari kikaruka kama panzi. Tulipiga makofi! Mlimani kilifika nusu, kikasita, kikaanza kurudi nyuma na dada wa watu akiwa ndani. Mdogo wake alikidaka kwa kifua. Hakuumia mtu, lakini yule dada aliomba arudishwe kwenye baiskeli yake ya kusukumwa, na hilo lilituuma kuliko matusi.

Wengine wakasema tuweke mota kubwa zaidi. Mota kubwa ilihitaji betri kubwa zaidi, na muuzaji alisema mzigo bado uko njiani, tuvute subira. Subira gani, na kijana keshafunga begi? Tulizunguka kile kigari kutwa nzima, huyu akigusa cheni, yule akigusa tairi, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Nani alimpelekea habari Mama Meno, hadi leo hajapatikana. Tulimwona tu anaingia getini na ndala miguuni, likizo yake ameiacha huko nyumbani. Hakutusalimu. Alienda moja kwa moja kwa yule dada, akamuuliza: wepesi wa nini, mwanangu? Dada akasema, wepesi wa kupanda, mama, nifike bila kumwomba mtu. Mama Meno akatugeukia, na aliyotuambia siyaandiki hapa kwa sababu wakubwa wa ofisi nao watasoma.

Mizani ilisoma kilo ishirini na nne pale mlima ulipokaza. Mota aliiacha ile ile. Akaagiza hatua mbili: meno tisa kwa arobaini na tano, mwendo ugawanywe kwa tano, shafti katikati, halafu meno kumi kwa hamsini, ugawanywe kwa tano tena. Mota izunguke mara ishirini na tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Bwana Kasi aliichonga shafti kwa mikono yake na hakukubali mtu amsaidie. Beringi za kwanza zilikataa kuingia. Cheni ya pili ilirukaruka mpaka tukaanza kulaumiana. Mama Meno alikuwa akienda dirishani na kurudi, akiuliza kama ule mlima umesogezwa tangu asubuhi.

Hatimaye tukaenda. Mdogo mtu alitembea nyuma, mikono mbele, tayari kudaka, mpaka Mama Meno akamwamuru aiingize mfukoni. Kigari kikaanza kupanda. Hakikuwa na mbio, mtu mwenye haraka angekipita kwa kukimbia kidogo, lakini hakikusita. Pale kilipokwama siku ya jaribio la kwanza, kikapita. Kikafika juu, mlangoni kwa cherehani, wateja wamesimama wanangoja. Dada hakusimama. Aligeuza, akateremka hadi chini, akapanda tena. Akateremka, akapanda tena, akicheka peke yake, wateja wakimshangaa. Mdogo wake alikaa pembeni mwa barabara akalia. Mama Meno naye alilia mbele yetu sote, wala hakusingizia vumbi.

Mama Meno, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kutufanya tuogope kubahatisha. Tunakuombea siku ndefu, afya njema na wajukuu wasiofungua redio yako kwa bisibisi. Ukichoka kupumzika, na tunajua utachoka mapema, njia ya kuja huku huihitaji kuelekezwa. Tutakukumbuka vibaya sana, yaani kila saa.

Ninapomalizia kuandika, fundi cherehani ameniagiza niongeze jambo moja. Anasema gauni atakalovaa Mama Meno Ijumaa amelishona yeye, na amelipeleka yeye mwenyewe hadi mlangoni kwa huyo mama. Kijana keshasafiri tangu jana.