Dokta Shizuno Kumagae, Aliyejua Pa Kusimama

Dokta Shizuno Kumagae alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938 mjini Yawatahama, mtoto wa pili wa Bwana Heijiro, mkulima wa machenza. Akiwa na miaka minane alimshika baba yake mkono akitibiwa jino. Siku hizo daktari aliupima mzizi kwa kukisia tu. Sindano ikapitiliza mwisho wa mzizi, na Bwana Heijiro, mtu asiyelia hovyo, akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Binti akaamua siku ile ile kazi atakayoifanya.

Alisoma shule za hapa hapa mjini, kisha akasomea udaktari wa meno Osaka kuanzia 1957 hadi 1963. Machi 1966 aliolewa na Bwana Bunkichi wa posta, aliyempenda kwa sababu, kama anavyosimulia mwenyewe, "alinichungulia meno kabla ya kuniuliza jina." Walijaliwa mtoto mmoja, Natsue, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Mwaka 1974 marehemu alinunua kipimo cha umeme cha kupimia urefu wa mzizi. Kindoano kilining'inizwa mdomoni mwa mgonjwa, sindano nyembamba ikashushwa ndani ya mzizi, na mashine ikalia ilipofika mwisho. Mwezi wa kwanza aliiamini kupita kiasi. Mzizi wa fundi seremala mmoja ulikuwa na majimaji, mashine ikalia mapema, jino likaachwa nusu na shavu likavimba. Dokta alikwenda kwake na boksi la yokan, vile vitamutamu vya maharage, akainama hadi paji likagusa mkeka, kisha akalitibu upya. Tangu hapo hakupima kabla ya kukausha. Mashine ile aliipenda kweli, na alikuwa akiipangusa kuliko vyombo vya nyumbani.

Mwaka 1997 masikio yalianza kuwa mazito. Mlio ule mwembamba ndio uliotangulia kupotea. Mashine ilikuwa na mshale wa kuonyesha kipimo pia, lakini yeye hakukubali kuondoa macho kwenye jino. Natsue, aliyekuwa ameshaanza kazi pale pale kliniki, alimwambia, "Mama, basi. Utakuja kumuumiza mtu." Marehemu alivua koti jeupe, akalikunja, akakaa nyumbani siku nne bila kula vizuri. Natsue anajuta mpaka leo, si kwa alichosema, bali kwa jinsi alivyokisema.

Siku ya tano Bwana Bunkichi, aliyekuwa amestaafu, alimfuata jikoni.

"Bi Daktari, koti liko wapi?"

"La nini? Mimi kiziwi."

"Mimi sina kazi. Nipe kiti nyuma yako. Ikilia, nakugonga bega mara mbili."

"Wewe? Usinzie halafu nitoboe taya la mtu?"

"Nikisinzia, ning'oe langu bila ganzi."

Walifanya kazi hivyo kwa miaka kumi na miwili. Wagonjwa waliizoea ile migongo miwili ya wazee. Likigongwa bega, mkono wa marehemu ulisimama papo hapo, halafu akaiweka sindano chini taratibu. Hakupitiliza hata mzizi mmoja. Natsue, aliyetaka kumstaafisha, alijifunza kazi kwa kuwatazama hao wawili.

Alistaafu Machi 2009. Februari mwaka 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki ya mwisho hakusikia kitu chochote. Natsue alimpigia kelele sikioni, "Mama, asante! Mama, nisamehe!" lakini mama alikunja tu uso na kuendelea kuhema kwa shida, vidole vimekaza kana kwamba bado vimeshika kitu. Alasiri ya tarehe 14 Mei, Bwana Bunkichi alisogeza kiti, akakaa nyuma ya kichwa chake mahali pake pa siku zote, akamgonga bega la kushoto mara mbili. Vidole vikafunguka. Mkono ukashuka taratibu juu ya shuka. Saa kumi na dakika kumi akafariki.

Ameacha mume, Bwana Bunkichi, binti, Natsue, mkwe, Koshiro, wajukuu wawili, Mitsuki na Rintaro, na meno mengi ya mji huu ambayo bado yanatafuna.

Mama, kazi imekamilika na hakuna aliyeumia. Weka chini, upumzike kwa amani.