Kunegunda Luambano na Daraja la Namakoma

Baba Paroko, viongozi mliopewa viti vya mbele, ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Mimi ni Erasmus, mdogo wake marehemu, na karatasi niliyoandikiwa na kamati ya mazishi nimeikunja, ipo mfukoni.

Dada yetu Kunegunda Bartholomeo Luambano alizaliwa hapa Songea, Ruhuwiko, tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa pili wa mzee Bartholomeo na mama Benigna. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari 1974, akasomea utangazaji Dar es Salaam, na mwaka 1979 akaajiriwa redioni. Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na mwalimu Makarius, wakajaliwa watoto watatu, Leonce, Leticia na Edna.

Mwaka 1990 aliomba mwenyewe kurudi Songea, wenzake wakamcheka, akaja kuripoti habari za vijiji ambavyo gari la serikali huvifikia wakati wa kura tu. Alikuwa na desturi moja, kila kipindi kilipokaribia kurushwa alirudi kijijini na redio yake na betri zake, ili watu wajisikie wenyewe.

Mwaka 1994, soko huria lilipotuletea wanunuzi binafsi wa korosho, lori la mmoja wao lilivunja daraja la Namakoma, wilayani Tunduru, mnunuzi akasema daraja ni la wilaya, wilaya ikasema aliyevunja ndiye atakayejenga. Dada alirekodi wanakijiji, akarudi na redio, wakakusanyika, wakamsikia kiongozi mmoja tu akisema ujenzi uko mbioni, sauti zao zote zimekatwa na wakubwa wa kazi wa dada. Mzee Hamisi Bakili akamuuliza, mwanangu, sauti zetu umezimwaga wapi? Dada alitusimulia hayo huku analia, kisha akarudi kurekodi mara tatu zaidi, nazo zikakatwa.

Tarehe 11 Februari mwaka huu wa 1998, akiwa Namakoma tena kwa habari ileile, malaria ilimpanda kichwani, mto umefurika, hospitali ya Mbesa iko ng'ambo, akalazwa ukingoni siku mbili juu ya kitanda cha kamba. Alivushwa tarehe 13, akafariki kesho yake alfajiri.

Karatasi ya kamati inasema alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, nikaambiwa nisome hivyo, wageni wasije wakakwazika. Wakwazike. Muda haukuwa mfupi, ulikuwa miaka minne, na kila aliyeambiwa habari za daraja lile anajijua, wengine mashada yao nimeyaona pale. Nina hasira, na sitaki mtu aniombee radhi.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa Mbesa, waliompokea akiwa amechelewa mno na bado wakahangaika naye, majirani zake wa hapa mtaani Msamala kwa kuni, maji na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliofika. Waliokata zile kanda nimejaribu kuwashukuru, nimeshindwa.

Wanaume wa Namakoma walimbeba begani kuvuka maji ya kifua, na mzee Hamisi Bakili amesafiri nasi, amekaa kule nyuma kwenye jua. Mwenyekiti wa kamati, usinifuate hapa. Mzee wangu, shikamoo, njoo ushike kipaza sauti, useme yote mpaka umalize.

Pumzika kwa amani, dada, mzee anaongea.