Dereva wa Modemu ya Munyoki

Jumamosi mchana, mwaka wa tisini na nane, wazee wa benchi la mtaa wa Makongeni, Nairobi, walikuwa wameshakunywa birika nzima ya Roble, muuza kahawa. Sylvance, dereva wa treni aliyestaafu, waliyemwita Injini, alikaa mwisho wa benchi. Wekulo, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, aliitwa Hansard, kama kumbukumbu za Bunge, kwa sababu hakuna habari iliyompita. Munyoki alifika akiwa amechoka. Mkewe Koki alikuwa mwaka wa tatu akifanya kazi ya uuguzi hospitalini Leeds, Uingereza, kwa mkataba ulioanza kuwa wa miaka miwili. Barua zake zilikuwa zimefupika. Ya mwisho ilikuwa na anwani ya imeli tu, na maneno: andika hapa, posta inachelewa. Ndipo Munyoki akanunua kompyuta kuukuu na modemu, kifaa cha kuiunganisha na laini ya simu.

— Imekataa tena, akasema.

— Si uliweka dereva juzi? Hansard akauliza.

— Dereva yupo, ile programu ya kuiendesha modemu. Modemu pia ipo. Lakini mle ndani kuna kiini kinachopanga kila kifaa na dereva wake, na hawa wawili hakiwaunganishi. Hawajuani kabisa.

Hansard akashusha sauti.

— Mzee, hiyo ni serikali. Wamewaficha madereva wa modemu wasiongee na ng'ambo.

— Wamewaficha wapi? akauliza Roble, akimimina.

— Mtaa wa Fedha, kwenye zile nyumba mpya. Ndio maana usiku taa hazizimwi.

— Wewe Hansard unaota, Injini akasema. Huyo dereva hajapewa tokeni. Mimi bila tokeni ya stesheni, kile chuma cha ruhusa ya njia, sikuwa naondoka Athi River, hata abiria walie.

— Au anataka mahari, akasema Roble. Huwezi kumpa mtu kifaa hivihivi.

Wakacheka. Munyoki hakucheka. Alikuwa akiona mwandiko wa Koki, ule ulioanza kuinama kama mtu anayeandika akiwa amesimama.

— Hebu niambie, Injini akasema taratibu. Kuna kingine kinapita njia hiyo?

Munyoki akafikiri.

— Kipanya. Skrini inasema kipanya na modemu vinagombania njia moja.

— Basi umepata. Treni mbili kwenye reli moja, stesheni itaishikilia ya pili mpaka ile ya kwanza itoke. Kiondoe kipanya, halafu ukiambie kiini kimpe yule dereva hiyo njia.

Munyoki akaweka kikombe chini. Alikuwa amehangaika wiki tatu na hakufikiria hilo. Akainuka.

Pale penye maji ya kunawa alikuwa amesimama Nthoki, mama aliyehamia wiki ile nyumba ya pili kutoka kwake, akingoja kujaziwa chupa yake ya kahawa. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, baba. Ikishika, huyo wako wa ng'ambo utamwambia nini?

Roble akaendelea kumimina mpaka chupa ikafurika. Munyoki akasimama pale, mkono mmoja mfukoni, akijua kwamba kwa wiki tatu alikuwa akisoma vitabu vya madereva bila kuwaza sentensi hata moja.

Akaenda nyumbani. Akakichomoa kipanya, akaketi na kibodi peke yake, akaandika amri moja baada ya nyingine hadi jina la dereva lilipotokea mbele ya jina la modemu. Modemu ikalia kwa mlio mkali, ikanyamaza, ikashika.

Ukurasa mtupu wa imeli ukafunguka. Akaandika habari za mvua, akafuta. Akaandika habari za kodi, akafuta. Hatimaye akaandika:

Koki, bado nalala upande wangu wa kitanda; wako sijaugusa.

Akaituma kabla woga haujamrudia.