Binti Aliyekataa Kumchoma Mbwa Sindano

Benchi letu liko mbele ya mlango wangu, kati ya bucha na kibanda cha kuziba pancha. Kahawa ni yangu, birika moja kila jioni. Ikiisha, kila mtu aende kwake. Watatu hawakosi: Kisu mwenye bucha, Gia aliyekuwa dereva wa lori, na Kamusi, karani mstaafu mwenye majibu hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. Jioni hiyo gumzo lao lilikuwa mjukuu wangu. Amesomea usaidizi wa daktari wa wanyama miaka miwili, na asubuhi alikuwa amekwenda kufanya mtihani wa leseni. Alikuwa hajarudi.

Kisu alikuwa na kinyongo. Mbwa wake alichanwa mguu na bati wiki iliyopita. Mjukuu wangu akaosha kidonda, akakifunga, kisha akamwambia ampeleke kliniki, daktari ndiye amchome sindano. Tangu siku hiyo Kisu anautangazia mtaa mzima kwamba binti hajui kitu.

— Sindano ipo, mbwa yupo, yeye ananiambia nenda kliniki.

— Hana leseni, nikamwambia huku nikimmiminia.

— Kwani mbwa alimdai leseni?

Gia akasema leseni ni ya kutishia watu tu, yeye aliendesha lori muda mrefu kabla hajaipata.

— Ndiyo maana ukuta wa shule una kiraka, nikamwambia.

 Kamusi alieleza kwamba leseni imewekwa ili wasaidizi wasiibe siri za madaktari. Gia akasema amesikia kwenye mtihani huletwa farasi, na farasi ndiye anayetoa alama: akikupiga teke, umefeli. Kisu, asiyekubali kupitwa, akasema mtahiniwa hulazwa zizini na nguruwe, na asubuhi anayeulizwa kama amelala vizuri ni nguruwe.

Mimi darasa la saba ndilo langu la mwisho, lakini mtihani ule naujua. Kuna wa kuandika na kuna wa mikono: kumshika mnyama asiumie wala asikuumize, kumpima joto, kumtoa damu, kukadiria dawa kwa uzito wake. Bandeji zote alijifunzia kwenye mguu wangu wa kulia. Nimekuwa punda, nimekuwa mbuzi, na siku moja niliambiwa nisimame vizuri, mimi ni ng'ombe mwenye mimba. Nikasimama.

— Na akifeli? Kisu akauliza.

— Atarudia. Afadhali yeye: wewe ukikata nyama vibaya huwa unaiunganisha?

Hapo akatokea mama mmoja tusiyemjua, buti zimejaa matope.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu.

— Namtafuta binti aliyekataa kumchoma mbwa sindano.

Kisu akachangamka, akamsogezea nafasi.

— Kumbe habari zimefika hadi kwenu. Kaa nikusimulie.

— Nimeshasimuliwa, baba. Mimi nilikuwa na ndama wawili. Alikuja mtu na mkoba, hakuulizwa leseni na mtu, akawachoma wote. Sasa nina mama yao peke yake, na siku hizi hataki kula.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Huyu binti anaanza kazi lini?

Wote watatu wakanigeukia. Hata mimi sikujua. Matokeo hayatoki siku ya mtihani.

Nikainua birika, jepesi: kahawa imeisha. Kwa desturi yangu, benchi lilipaswa kuvunjika hapo hapo.

— Kaa, mwanangu, nikamwambia. Atapita hapa hapa.

Nikaingia ndani kuwasha jiko. Nikamsikia Kisu huko nje, sauti imenenepa:

— Yule ni binti yetu. Mgonjwa wake wa kwanza kabisa ni mbwa wangu.

Nikamwacha aseme. Nikateremsha birika kubwa kutoka rafuni.