Bi Koleo na Kebo Iliyolala

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Koleo atavua ovaroli yake baada ya miaka thelathini na mitatu katika kitengo chetu cha kebo. Wapo watakaolia. Wapo pia, hasa kule chumba cha udhibiti, watakaoagiza soda. Wote watafika kwenye sherehe, kwa sababu mwenyewe amepita ofisi kwa ofisi kuhakikisha.

Jina la Koleo hakulipata kwa sababu ya kazi, ingawa koleo halimtoki mfukoni. Alilipata kwa sababu akikushika neno hakuachii. Mumewe, seremala mpole kupita kiasi, anasema aliyajua hayo tangu siku za uchumba. Alimwambia, "Nakupenda sana," naye akamuuliza sana ya kiasi gani. Maskini, hadi leo anatafuta jibu.

Aliajiriwa kupokea simu. Alikaa mezani akisikiliza watu wakilalamika kwamba laini zao zimekatika, mpaka siku moja akaenda kwa mkuu wa kitengo kuomba akaziunge mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kuunga kebo ni rahisi kuliko kuwaelekeza mafundi iliko. Mnyapara wa wakati ule akamwambia mtaro si mahali pa mwanamke. Bi Koleo akachungulia tope lililokuwamo, akamjibu kwamba kwa jinsi anavyouona, si mahali pa mtu yeyote, kisha akashuka.

Huko chini alikuta kila kikosi kina lugha yake. Kimoja kiliuita waya wa moto mume, na ule unaorudisha umeme kikauita mke. Kikosi cha pili kiligeuza, kila mtu kwa kumfikiria anayetisha nyumbani kwake. Ukija stoo kuomba mpira, ungeweza kupewa utepe wa kufungia waya, glavu, au bomba la kumwagilia maua. Tulicheka, na kazi zikaenda hivyo hivyo, kwa kudra.

Kicheko kilikoma mchana mmoja wa mvua, nyuma ya kiwanda cha mikate. Kulikuwa na kebo kubwa ya umeme ya kukatwa na kuhamishwa. Fundi mmoja, ambaye leo ni naibu mkuu wa kitengo na ameturuhusu kuandika haya mradi tusimtaje, alikuwa amepiga magoti mtaroni na msumeno mkononi. Kipima umeme tulikuwa nacho. Kilikuwa garini, kikikwepa mvua.

Mnyapara akapiga simu chumba cha udhibiti, akauliza, "Kebo imelala?" Kwake yeye, kebo iliyolala ni iliyokatiwa umeme. Aliyepokea alikuwa ameinamia ramani, na kwake yeye, kebo iliyolala ni iliyolazwa ardhini, si iliyotundikwa kwenye nguzo. Akajibu, "Imelala."

Mnyapara akaashiria kwa kidole gumba. Msumeno ukaanza kuligusa ganda la kebo. Bi Koleo, aliyekuwa kando ya fundi, hakujua kosa liko wapi, ila jibu lile lilimkera kwa sababu lilikuja upesi, na chumba kile hakijawahi kujibu jambo lolote upesi. Akamdaka fundi mkono, akainyakua simu ya mnyapara.

"Imelala vipi," akauliza, "usingizi au chali?"

Upande wa pili mtu akacheka. Halafu zikasikika karatasi zikipekuliwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Msiiguse, mama. Hiyo ina umeme."

Fundi alitoka mtaroni, akaketi kwenye toroli. Tukampa kikombe cha chai, chai yote ikaishia kwenye suruali. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Bi Koleo naye hakusema neno hadi saa ya kutoka kazini, jambo lililotutisha kuliko ile kebo. Mumewe anasimulia kwamba alifika nyumbani akaketi jikoni na matope yake, hakula, akawa anarudia kitu kimoja tu: "Neno moja, baba watoto. Tungemzika mtu kwa neno moja."

Asubuhi iliyofuata alikuja kazini kama kawaida, akaketi uani juu ya gurudumu la mbao linalozungushiwa kebo, akakunja mikono. Hashuki mtaroni, alisema, mpaka watu wakubaliane maneno. Mkuu wa kitengo akatoka ofisini kumtuliza.

"Hapa tunaunga kebo, mama. Hatutungi kamusi."

"Basi endeleeni kuunga," Bi Koleo akamjibu. "Mimi nitakuja kwenye mazishi."

Hadi adhuhuri vikosi vyote viwili vilikuwa vimeketi naye, na yule fundi wa msumeno alikuwa wa kwanza. Mkuu akaitisha kikao.

Kikao chenyewe kilikuwa vurugu tupu, nasi wa stoo tulichangia. Kulala kulipigwa marufuku. Kufa nako kukapigwa marufuku, kwa kuwa kebo iliyokufa hufufuka mara mtu anapowasha swichi. Tukabaki na maneno makavu yasiyo na ladha: kebo ina umeme, au kebo imekatiwa umeme na imepimwa. Ndoa ya mume na mke ikavunjwa mbele ya mashahidi. Ganda la nje wengine walitaka liitwe ala. Stoo tukapinga kwamba ala ni ya panga, likaitwa koti. Bi Koleo alileta maneno mengi kuliko mtu yeyote, na mengi zaidi yakakataliwa. Alinuna, lakini Jumatatu alishuka mtaroni.

Tusimpambe sana, maana hajafa, anastaafu tu. Kebo za faiba zilipoletwa mara ya kwanza, Bi Koleo alizipima kwa kipima umeme. Kipimo kikakaa kimya. Akatangaza kwamba mzigo wote ni mbovu na urudishwe ulikotoka. Injinia wa mawasiliano, binti mtaratibu aliyekuwa hajamaliza hata wiki kazini, akamsogelea.

"Mama, hizi hazipitishi umeme. Zinapitisha mwanga."

"Kumbe wanga wa usiku wameingia mpaka kwenye kebo?"

Uani watu walivunjika mbavu. Yule binti peke yake hakucheka. Alikata kipande, akamulika tochi upande mmoja, akampa Bi Koleo upande wa pili autazame. Kwenye kitu chembamba kama unywele palikuwa na nukta inayong'aa. Bi Koleo aliitazama mpaka tukaanza kuona haya kwa kelele zetu. Kisha akavuta kiti, akamwambia, "Nifundishe, mwanangu. Anza mwanzo kabisa, na usiruke."

Kwa miezi kadhaa hao wawili walikuwa kama shangazi na mpwa wake, kwa mapenzi na kwa ugomvi. Kioo cha katikati kinachobeba mwanga wakakiita kiini. Kioo kinachokizunguka na kuurudisha mwanga ndani wakakiita gamba. Koti likabaki koti. Waligombana kuhusu namna ya kusema vioo viwili vikiyeyushwa ncha na kuunganishwa. Injinia alitaka kuchomelea, Bi Koleo akasema hilo ni la mageti. Kuunga kukashinda. Lakini alipojaribu kuiita faiba yenyewe unywele wa nuru, hakuna aliyemfuata, hata seremala wake. Mpaka leo anaamini ilikuwa njama.

Miaka yake ya mwisho amekuwa mkufunzi, na kila fundi aliye mitaroni leo amewahi kurudishwa nyuma naye kwa kusema "kile kiwaya". Hana medali. Alipewa cheti kimoja, akakisahihisha, akakirudisha kikachapwe upya. Lakini tangu mchana ule wa mvua kitengo hiki hakijamzika mtu. Mtoto wa yule fundi alizaliwa mwezi uliofuata. Siku hizi ana ndevu, na kila akikutana na Bi Koleo wanabishana mpaka mama yake anawaomba waoneane aibu.

Bi Koleo, ahsante. Tunakutakia mapumziko matamu, magoti yasiyouma, na mume mwenye masikio ya kudumu. Sisi tunaobaki tutarudi makwetu jioni, tutanawa mikono ili tule na watoto, na vidole vyote vitakuwepo.